Mabao Yasiyo na Daftari

Neno bao limebeba mizigo mingi katika Kiswahili. Lipo bao la kete linalochezwa barazani, lipo bao la mpiga ramli, na lipo bao la mpira. Ninalokusudia kulizungumzia ni hili la tatu, na hasa wale waliolifunga kwa wingi katika viwanja vya kwetu Taita Taveta, wakabaki na sifa pasipo hesabu.

Msomaji atakumbuka msisimko wa mwaka 2023. Katika ligi kuu ya Kenya, Elvis Rupia wa Kenya Police na Benson Omala wa Gor Mahia walikuwa wakifukuzana kwa mabao. Kila walipofunga, jina moja la zamani lilitajwa redioni: Maurice Ochieng, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Sonyi. Huyu alikuwa amefunga mabao 26 katika msimu wa 1976. Omala aliifikia idadi hiyo. Rupia akaipita kwa bao moja, akamaliza na 27. Vijana wa Voi ambao wazazi wao walikuwa hawajaoana Sonyi alipokuwa akicheza walianza kubishania ubora wake kana kwamba walimwona jana. Kwa muda wa miaka 47 tarakimu mbili zilikuwa zimemtunza mtu huyo, na zilipotishiwa ndipo alipofufuka. Rupia mwenyewe alihamia Tanzania baadaye, lakini 27 yake imebaki hapa, inamngoja mwingine.

Sasa nitazame nyumbani. Mwaka 2024 nilikuwa nikikusanya majigambo ya wachezaji wa zamani kwa ajili ya utafiti wangu wa fasihi simulizi. Mitaa ya Kaloleni, Sofia na Birikani, kila nilikouliza, nilielekezwa kwa mzee mmoja ambaye jina lake nalihifadhi kwa ombi lake. Katika miaka ya themanini alikuwa akikata mkonge upande wa Mwatate siku za kazi, na Jumamosi akifunga mabao. Hakuwahi kucheza ligi ya taifa. Alicheza ligi za wilaya na vikombe vya mbuzi, akisafiri nyuma ya lori hadi Taveta, zaidi ya kilomita mia moja za vumbi kabla ya lami.

"Mzee, ulifunga mangapi?" nilimwuliza.

"Zaidi ya mia tatu, mwanangu. Na penalti sihesabu. Penalti ni sadaka."

Kipa mmoja aliyekuwa hasimu wake, ambaye sasa ni jirani yake, alicheka aliposikia. Alisema hayafiki mia mbili, kisha akaongeza kwamba mengine hakuyaona vizuri kwa sababu ya jua. Shabiki wa tatu alitaja mia tano, akijumuisha mechi za chandimu na hata zile za mazoezi. Katibu wa ligi, niliambiwa, alikuwa na daftari. Daftari hilo liliwekwa chini ya kitanda na mchwa wakalimaliza.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hapaswi kushtushwa na matoleo matatu ya kisa kimoja. Tumefundishwa kwamba hiyo ndiyo hali ya kawaida ya masimulizi. Hata hivyo, naungama kwamba nadharia haikunifariji. Ngano haidaiwi idadi. Mfungaji hudaiwa, naye mzee huyu alikuwa akinitazama kama mtu anayesubiri malipo yake.

Kuna nchi ambako suala hili lingechekwa. Waaustralia wana kandanda yao, inayochezwa kwa mpira wenye umbo la yai, na kila upande una milingoti minne badala ya miwili. Mpira ukipigwa ukapita kati ya milingoti miwili ya katikati ni bao, nalo lina pointi sita. Ukipita pembeni mwake, kabla ya mlingoti wa nje, ni pointi moja. Yaani hata kukosa kidogo kunaandikwa! Gordon Coventry alistaafu mwaka 1937 akiwa na mabao 1,299, na watu walijua hasa ni bao lipi Tony Lockett alihitaji ili kumpita mwaka 1999. Lockett alifikisha 1,360. Hata ligi zao za mashambani, ambako wachezaji ni wakulima na makanika, hutunza hesabu za wafungaji wao.

Sisi tuna ulimi. Tunasema fulani amezifumania nyavu, fulani amecheka na nyavu, ilhali nusu ya viwanja nilivyokulia havikuwa na nyavu kabisa, na ugomvi kuhusu kama mpira ulipita ndani au nje ya mlingoti ulimalizwa kwa ubabe. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliweza kumfanya msikilizaji auone mpira usioonekana. Lakini watangazaji hawakufika kwenye vikombe vya mbuzi.

Shaaban Robert alimwandikia wasifu Siti binti Saad, mwimbaji ambaye hakupata elimu ya shule. Rafu ya wasifu katika maktaba yetu ina wanasiasa wa kutosha. Sijaona humo mkata mkonge mwenye mguu wa kushoto.

Nimenunua daftari la kurasa 96. Kanuni yangu ni kwamba bao haliingii humo mpaka mashahidi wawili walisimulie kila mmoja peke yake, na mmoja wao awe wa timu iliyofungwa. Mzee anaiona kanuni hii kuwa ya kikatili, lakini amekubali, na sasa yeye ndiye anayenitafutia mashahidi. Bao la kwanza kuandikwa lilifungwa Taveta, kwa kichwa, mvua ikinyesha. Kipa amekiri. Wanachobishania bado ni kama aliteleza au alirukiwa, nami nimeandika yote mawili.