Laptopu ya Senje haijazeeka, imezeeshwa

Wasee, kama kuna mtu anakaribia kutuma pesa ya laptopu ya ex-UK, ngoja kwanza usome hii.

Mwaka 2023 Senje wangu anayefanya kazi Nairobi aliniletea HP EliteBook 840 G3. (Kipakatalishi, kama mwalimu wa Kiswahili alivyotulazimisha kuandika. Bado sijasikia mtu akiitisha kipakatalishi dukani.) Aliinunua 23,500, pesa ya zamu yake kwenye chama, akaja nayo Malinya ikiwa imefungwa ndani ya leso kama mtoto. Prosesa ya i5, RAM ya GB 8, diski ya SSD ya GB 256. Mimi hurekodi mafahali wakipigana hapa uwanjani, asubuhi na mapema, isukuti zikilia mpaka simu inatetemeka mkononi, na kila video mliyowahi kuona hapa imetengenezwa kwa hiyo mashine. Haijawahi kuniangusha. Betri tu ndiyo nilibadilisha.

Sasa tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft walifunga huduma za Windows 10. Haimaanishi laptopu inazima. Itawaka kesho, itawaka hata mwakani. Kinachokatika ni yale masasisho ya bure ya usalama yanayokuja kila mwezi kuziba mashimo ambayo wezi wamegundua. Ni kama ploti iliyofuta askari wa usiku. Geti liko, kufuli iko, lakini hakuna mtu anayezunguka na tochi. Na kwa hiyo laptopu ndiyo mimi naingilia KRA, HELB, eCitizen na imeili inayoshikilia hii page yote.

Nikajiambia, si niende tu Windows 11, kwani ni shida gani? Nikaweka ile programu yao ya kupima, PC Health Check. Ikaniambia RAM sawa, diski sawa, prosesa hapana.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, hata mimi nilichanganyikiwa, kwa sababu kuna milango miwili. Wa kwanza ni leseni. Ukiwa na Windows 10 halali, kuhamia 11 hulipi hata ndururu. Leseni ya hizi laptopu za ofisi hufungwa na ubao mama wa mashine yenyewe, haifuati mtu, kwa hiyo ilivuka bahari pamoja na laptopu. Yangu iko na ni halali. Mlango wa pili ni chuma. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, inataka Secure Boot, na inataka prosesa iliyo kwenye orodha yao. Kwa Intel, orodha hiyo inaanza kizazi cha 8. Yangu ni i5-6300U. Hiyo 6 baada ya kistari ndiyo kizazi. Kwa hivyo karatasi ya kuingia ninayo, lakini mlangoni wananiambia viatu vyangu si vya mwaka unaotakiwa.

Na si kwamba ni mashine ya enzi za mababu. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021. Prosesa za kizazi cha 8 za laptopu zilianza kutoka Agosti 2017. Yaani mtu aliyenunua laptopu mpya kabisa mapema 2017, miaka minne baadaye akaachwa nje. Sababu wanayoitoa ni usalama, na siipuuzi, kwa sababu chipu ya TPM hutunza funguo za kufunga data yako na hiyo ni kazi ya maana. Lakini kizazi cha 7 kilipokataliwa, kuna prosesa chache zilizopita, na mojawapo ni Core i7-7820HQ, ile iliyo ndani ya Surface Studio 2. Surface hutengenezwa na nani? Microsoft wenyewe. Hapo ndipo niliacha kuamini kwamba huo mstari ulichorwa na sayansi peke yake.

Hapa Malinya fahali haulizwi alizaliwa mwaka gani. Anaingizwa uwanjani, akishindwa tunaona wote.

Najua mtashuka kwa comments mniambie kuna njia ya panya. Ndiyo, ipo. Jirani yangu alipeleka yake kwa fundi mjini Kakamega, akawekewa Windows 11 kwa flashi iliyoruka ule ukaguzi, na inafanya kazi. Lakini Microsoft wamesema wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho. Sasa kama nilikuwa natafuta masasisho, nitakuwa nimehama nyumba inayovuja nikaingia nyumba ambayo landlord amesema paa si kazi yake. Tena faili ya Windows 11 ni zaidi ya GB 5. Bando ya nani?

Kuna beshte yangu ambaye shida yake ni kinyume kabisa. Mashine yake ni kizazi cha 8, inakubali 11 bila maneno. Lakini aliyemuuzia alimwekea Pro iliyowashwa kwa programu ya wizi. Baada ya miezi sita yakatokea yale maandishi pembeni, Activate Windows, hata akishare skrini darasani yanaonekana. Ile njia ya kuwasha huigiza leseni za makampuni makubwa, ambazo huisha baada ya siku 180 zisipothibitishwa upya. Tulipofuta kila kitu na kuweka Home, iliwaka yenyewe bila kuulizwa chochote. Ufunguo halali wa Home ulikuwa ndani ya ubao mama tangu kiwandani! Muuzaji alificha leseni ya kweli chini ya leseni ya uongo, na hata hakukuwa na haja.

Mimi mwenyewe nimefanya mambo mawili. Nimejiandikisha kwa masasisho ya nyongeza, yanayoitwa ESU, ambayo yanafika tarehe 13 Oktoba 2026. Bei ni dola 30, karibu shilingi 3,900, lakini ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali kuhifadhi mipangilio yako kwao, hulipi. Sikulipa. Pia nimegawa diski nikaweka Linux Mint pembeni. Ni ya bure, haiulizi kizazi, na Kdenlive ninayotumia kukata video inafanya kazi kule vilevile. Printa ya pale cyber ndiyo imenisumbua jioni mbili nzima, sitadanganya.

Kilichonifanya niandike lakini si hayo. Jumapili Senje alinipigia akiwa na furaha. Binti yake anaenda campus, na amepata ile ile kama yangu, duka lile lile, 14,000 tu, na jamaa anasema tayari ina Windows 11.

Nilinyamaza kidogo. Utamwambiaje mtu kwamba zawadi aliyojinyima ili akuletee imewekewa tarehe? Na sasa ofisi za Ulaya zinatoa hizi mashine kwa sababu hiyo hiyo, halafu zinashuka bei huku, na bei ikishuka tunadhani tumebahatika.

"Senje, yangu iko sawa kabisa," nikamwambia. "Lakini usilipe bado. Kuna stika hapo kando ya kibodi?"

"Ipo. Imeandikwa i5."

"Hiyo haitoshi. Mwambie aiwashe, aende Settings, System, halafu About. Nisomee namba iliyo baada ya kistari."

Nikasikia jamaa akinung'unika nyuma, eti wateja wa siku hizi wamekuwa mafundi.

"Sita, mbili, sifuri, sifuri," Senje akasema. Kisha kwa sauti ya chini: "Kwani ni mbaya?"

"Si mbaya, Senje. Muulize kama ana ya nane."

"Anayo. Anasema ishirini na sita."

"Mwambie ishirini na mbili, halafu umuulize leseni ni ya nani."