Dominika ya Nani?



Sisi mafrateri tunaosoma falsafa tunaipenda Dominika. Hakuna vipindi wala kazi za shamba; baada ya Misa ni mpira, jioni ni Masifu. Tumesoma hata barua ya Papa Yohane Paulo II kuhusu Siku ya Bwana, Dies Domini, ya mwaka 1998. Tulidhani siku hii tunaijua.

Likizo ilitufundisha. Kwetu Nkunga, wilayani Rungwe, ng'ombe wa maziwa hajui Dominika. Alfajiri lazima akamuliwe, akatiwe majani, na maziwa yapelekwe kabla hayajaharibika, mvua inyeshe isinyeshe. Nyumbani kazi hiyo anaifanya kijana tuliyemwajiri. Dominika ya kwanza tulivaa vizuri, tukashika njia ya kanisani. Tukapishana naye akirudi na mzigo wa majani kichwani. Akatusalimia, akasema, "Mniombee." Tukaitikia, tukaenda.

Misa nzima neno lile halikutuacha. Kijana yule amebatizwa kama sisi.

Aristotle aliyathamini sana mapumziko, ila kwake yalikuwa ya mtu huru. Mtumwa hakuwa na fungu humo. Kumbukumbu la Torati linaagiza vingine: mtumwa naye apumzike kama bwana wake, maana Waisraeli walikuwa watumwa Misri (Kumb 5:14-15). Naye Yesu hakumlaumu mtu anayemfungua ng'ombe siku ya Sabato ili akamnyweshe (Lk 13:15). Kwa hiyo kosa letu halikuwa kukamua. Kosa ni kumwachia mtu mmoja kazi, kila Dominika, ili wengine tuitunze siku takatifu.

Jumamosi iliyofuata tulikata majani ya siku mbili. Alfajiri tukashika ndoo. Mama akacheka: "Frateri, huyo ng'ombe hasomi falsafa!" Kweli, teke moja tu, nusu ya maziwa ikamwagika. Tulifika kanisani tumechelewa, tukasimama mlangoni. Kijana alikuwa benchi za mbele, akiimba Utukufu.

Sasa wadogo zetu wamepanga zamu. Nasi tumerudi seminarini, ambako chakula cha Dominika nacho kina mpishi wake. Tumemwomba gombera turuhusiwe kupika siku hiyo, tunasubiri jibu.

Ndugu msomaji, unapotoka kwenda Misa, kwako anabaki nani?