Tabora, Njia ya Wageni

Mji wa Tabora, ambao wasafiri wa zamani waliuita Kazeh, umekaa penye njia panda ya Unyamwezi. Njia moja yatoka Bagamoyo, moja yaendelea hata Ujiji penye ziwa la Tanganyika, na nyingine yapanda kaskazini kwenda Karagwe. Reli iliyofika hapa mwaka 1912 iliirithi kazi ya misafara, nasi kwa reli hiyo tuliwasili. Tulipita chini ya miembe mikubwa, tukaenda Kwihara kutazama tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872.

Katika njia hii wamepita wageni wa namna tatu, na kila mmoja ana funzo kwetu.

Wa kwanza ni Waarabu wa Omani. Mwaka 1857 Burton na Speke waliwakuta hapa, wakakaribishwa na Sheikh Snay bin Amir. Watu hawa walikuwa mbali na kwao, lakini walikuwa na baraza ya kuzungumza kwa lugha yao, na barua waliyoiandikia jamaa ya Unguja na Maskati, ijapokuwa jibu likikawia miezi mingi.

Wa pili ni watumwa waliopitishwa kwa minyororo. Hao hawakuwa na baraza wala barua, na hapakuwa na aliyewauliza khabari za nyoyo zao. Haitufai kulisahau jambo hili, maana miongoni mwa wenye misafara walikuwamo watu wa dini yetu.

Wa tatu ni wakimbizi. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji kwao, na baadhi yao wakapewa ardhi Ulyankulu, kaskazini-magharibi ya Tabora. Mwaka 2014 wengi wa wakimbizi wa mwaka ule na watoto wao walipewa hati za uraia. Huko Kasulu nako, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Lakini mtu aweza kupata shamba na nyumba, na moyo wake ukawa bado uko njiani: hapati usingizi, hushtuka kwa kishindo kidogo, na hukaa peke yake.

Maradhi haya yana tiba, na mlango wake ni lugha. Katika kambi ya Rhino, kaskazini ya Uganda, wanawake 694 wakimbizi wa Sudani Kusini waliingia katika jaribio la Shirika la Afya Duniani. Waliopewa mafunzo walikutana mara moja kwa juma, kwa majuma matano, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, ikiwafunza namna ya kuikabili dhiki. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa dhiki yao ilipungua kuliko ya wenzao. Na kwa Waarabu walioumizwa na vita, wengi wao wa Iraki, kituo kimoja cha Berlin kilitumia intaneti: mgonjwa huandika yaliyomsibu, mara kumi katika majuma matano, na tabibu ajuaye Kiarabu humjibu. Waliotibiwa walipata nafuu kuliko waliokuwa wakingoja zamu. Barua ya Tabora imerudi, ila sasa haimngoji mpagazi.

Basi, ndugu wasomaji, mwana wa njia ametajwa katika Kurani kuwa mwenye haki katika zaka. Haki yake si chakula peke yake. Tusimwambie mwenye huzuni kuwa imani yake ni dhaifu, Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa na Mwaka wa Huzuni alipofiwa na Bibi Khadija na Abu Talib, naye ndiye aliyetuamrisha tutafute dawa. Akikwambia siri yake, ni amana. Akihitaji tabibu, mfuatane naye, na akikosa wa karibu mwenye lugha yake, mtafutieni wa mbali. Vijana wetu wenye simu wanaweza kuifanya kazi hii leo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa baraza kwa kila mgeni. Amin.