Bati Ndani ya Kibiriti

Wiki jana mteja aliniagiza maneno 600 kuhusu rangi ya nyumba: kwa nini nyeupe ni nyeupe. Jibu nalijua tangu mwaka wa tatu chuoni. Ni dioksidi ya titani, unga uleule unaotiwa kwenye dawa ya meno. Nikaandika, nikalipwa kwa M-Pesa, halafu nikafungua droo nikatoa kibiriti. Ndani hamna njiti. Kuna bati jembamba la titani, saizi ya ukucha wa kidole gumba.

Huo ndio mradi wangu. Digrii sikumaliza.

Nilitaka kuotesha mirija ya dioksidi hiyo, myembamba kuliko unywele mara mia kadhaa, ya kusafishia maji kwa nguvu ya jua. Nilipomweleza mamangu kwa simu, aliuliza itajaza mitungi mingapi.

Njia ziko kadhaa. Mwaka 1998, Kasuga na wenzake kule Japani walipika unga wake ndani ya sodiamu haidroksaidi kali, nyuzi 110, saa 20, wakauosha, wakapata mirija ya upana wa nanomita 8 hivi. Poa, ila mirija hiyo hutoka imelala ovyo. Mimi nilitaka iliyosimama wima, imebanana kama sega la nyuki. Hiyo hutaka stima.

Unaosha bati kwa asetoni, unalitumbukiza kwenye ethilini glikoli (ndio hiyo ya rejeta ya gari) yenye maji kidogo na chumvi ya floridi. Bati upande chanya, platini upande hasi, volti 40. Umeme unajenga ngozi ya oksidi juu ya bati, floridi inaila. Utamu wote uko kwenye ugomvi huo. Floridi ikizidi, inamaliza kila kitu. Ikikosekana, ngozi inajifunga, hakuna tundu. Zikiwezana, vishimo vinazama polepole hadi vinakuwa mirija. Unaufuata ugomvi kwenye mita: mkondo unashuka, unapanda kidogo, kisha unatulia.

"Mwanangu, hii kitu haina mchezo," mathe wa maabara aliniambia, akinivalisha glavu mbili kama mtoto wa nasari.

Bati lenyewe liliagizwa ng'ambo. Na wakati huo mchanga wa titani wa Kwale ulikuwa ukipakiwa melini Likoni tangu 2014. Wacha tu.

Mara mbili stima ilipotea katikati. Mara ya tatu ilikaa saa tatu nzima, na bati likatoka na zambarau inayogeuka kijani ukiliinamisha. Ilibaki kulichoma nyuzi 450, mirija igeuke fuwele ya anatasi. Bila hapo, maji hayasafishiki vizuri. Zamu yangu ya tanuru ilikuwa Alhamisi. Jumatatu jina langu lilibandikwa kati ya wenye deni la karo.

Nilimwambia mathe nitarudi wiki ijayo. Alingoja muhula mzima, kisha akanitumia bati kwa mtu wa matatu, ndani ya kibiriti hiki.

Hadubini ya elektroni sikuwahi kuifikia. Kwa hivyo sijui kama mirija imo au ni rangi tu. Miaka minne sijataka kujua.

Juzi usiku nimemwandikia: Mathe, tanuru bado linawaka? Tiki mbili, zikawa buluu. Anaandika...