Programu Ikijifunga, Usiilaumu Mashine Kwanza

Hapa kambini programu ya kompyuta ikijifunga ghafla, neno la kwanza utakalosikia ni "mashine imechoka." La pili ni "tungoje watuletee nyingine." Leo tunataka kueleza kwa nini sisi hatukungoja, na kilichotokea.

Sisi ni vijana wanne wa Kakuma tunaojitolea kufundisha wadogo zetu mambo ya umeme: kulehemu waya, kupima betri, kutengeneza redio na taa za sola. Wawili tumetoka Kivu Kusini, mmoja Burundi, mmoja Sudan Kusini. Tuko na laptopu moja ya zamani, mita moja, na sanduku la vipande tulivyochomoa kwenye vifaa vilivyokufa.

Kazi hii ilitujia kupitia mama mmoja jirani anayechaji simu za watu kwa sola. Betri yake ya kwanza ilikufa kwa sababu ilikuwa inanyonywa mpaka mwisho karibu kila usiku. Betri ya asidi ya volti 12 haivumilii hivyo. Ukiishusha sana mara kwa mara, sahani zake za ndani zinashika ugumu na haijai tena kama zamani. Ya pili aliipata kwa mkopo wa kikundi cha akina mama. Akatuambia, "Wanangu, hii nayo ikifa, mimi nimefunga."

Alihitaji kifaa cha kukata umeme wenyewe betri ikishuka mpaka volti 11.5, na kuurudisha jua likishaijaza vya kutosha. Saketi yake si kubwa: kilinganishi cha volti, rezista kadhaa, transista moja, relei, na dayodi. Lakini transista za kufaa tulikuwa nazo mbili tu. Ukiunguza zote, ujue ni Lodwar, na kutoka kambini kunahitaji kibali. Kwa hiyo tuliamua kuijaribu saketi kwanza ndani ya kompyuta, mahali ambapo transista haiungui.

Programu za kuigiza saketi zina historia nzuri. Mama yao mkubwa ni SPICE, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973. Aliyeiandika ni Laurence Nagel, akiwa bado mwanafunzi, na mwalimu wake Donald Pederson alisisitiza igawiwe bure. Ndiyo maana mpaka leo kuna watoto na wajukuu wake, kama ngspice, ambao mtu yeyote anaweza kuwachukua, kuwafungua na kusoma walivyoandikwa. Sisi tulikuwa tunatumia mmoja wa ukoo huo. Jina tunaliacha, maana kila programu ina makosa yake na hili limeshaondoka.

Basi, tukachora saketi, tukabonyeza kuanza. Programu ikajifunga. Hakuna ujumbe, hakuna onyo. Tukafungua tena, ikajifunga tena. Mara tano.

Hatukuanza kubahatisha. Tulichukua faili ya saketi, ambayo ni maandishi ya kawaida tu, tukawa tunatoa kipande kimoja kimoja na kujaribu. Tukatoa relei: inajifunga. Tukatoa kilinganishi: inajifunga. Tukabaki na betri, rezista moja na dayodi: bado. Tukatoa dayodi: programu ikatulia na kutoa majibu vizuri.

Hapo tukabishana. Mwenzetu mmoja akasema, "Si tuendelee bila dayodi, tumalize kazi ya mama?" Dada yetu wa Burundi akakataa. Dayodi ile inakaa sambamba na koili ya relei kwa sababu maalumu. Ukikata umeme wa koili ghafla, koili inarudisha pigo la volti nyingi kuliko zile za betri, na pigo hilo ndilo linaloua transista. Kuigiza saketi bila hiyo dayodi ni kujidanganya. Tukakubaliana naye.

Tukashusha msimbo wa programu. Umeandikwa kwa lugha ya C, ambayo mmoja wetu alijifunza kwa kitabu kilichohifadhiwa kwenye simu. Tukaijenga upya kwenye laptopu yetu, kazi iliyochukua asubuhi nzima kwa kugawana chaji, kisha tukaiendesha ndani ya gdb, chombo kinachoonyesha programu ilikuwa kwenye mstari gani ilipokufa. Ukiandika herufi mbili tu, bt, kinakupa orodha ya nani alimwita nani mpaka ajali ilipotokea.

Orodha ile ilitupeleka moja kwa moja. Kuna sehemu inayotafuta tabia za dayodi kwenye faili ya modeli. Ikikosa, inarudisha anwani tupu, yaani "sikupata kitu." Shida ni kwamba mstari uliofuata haukuuliza kama kitu kimepatikana. Ulienda kusoma palepale kwenye anwani tupu, na mfumo wa kompyuta ukaiua programu kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake.

Sasa kwa nini modeli ikosekane? Tukafungua faili yenyewe. Kumbe ilikatika katikati ya mstari. Ilishushwa usiku, mtandao ukapotea, na faili ikabaki nusu bila mtu kuambiwa. Dayodi yetu ilikuwa katika nusu ambayo haikufika.

Hapo ndipo tulipoelewa jambo. Walioandika programu ile si wazembe. Kwao faili hufika nzima, kwa hiyo mstari ule hawakuwahi kuuona ukianguka. Kosa hilo lilikuwa linaonekana kutoka mahali kama kwetu, ambako bando linaisha na mnara unazima. Watu wa mtandao mbovu ndio waliokuwa na nafasi ya kulikamata.

Tungeweza kushusha faili upya na kunyamaza. Lakini tulifikiria mwingine, pengine Dzaleka au Nakivale, anayebonyeza kuanza na kuamini kwamba laptopu yake imekufa. Tukaandika kiraka cha mistari minne: kama modeli haipo, simama, taja jina la modeli iliyokosekana, usijifunge. Tukakituma kwa wenye mradi pamoja na ile saketi ndogo ya vipande vitatu. Wakatuomba tuongeze jaribio la kuthibitisha kwamba kosa halitarudi. Tukaongeza. Baada ya siku kadhaa wakakipokea, na jina la kikundi chetu likaingia kwenye kumbukumbu za msimbo.

Hakuna aliyetuuliza kadi ya chakula, wala namba ya familia, wala tulivuka mpaka mwaka gani. Waliuliza kitu kimoja: kiraka kinafanya kazi au hakifanyi?

Na saketi ya mama? Tuliposhusha faili nzima na kuigiza, tuliona jambo ambalo lingetugharimu. Mzigo ukikatwa, volti ya betri inapanda kidogo yenyewe, kifaa kinadhani betri imejaa, kinawasha, volti inashuka, kinakata tena. Relei ingepiga ta-ta-ta usiku kucha. Rezista moja ya kurudisha ishara iliyachanganua yale mawili: inakata kwenye 11.5, hairudishi mpaka 12.6. Ndipo tukalehemu. Transista moja imetumika, nyingine iko sandukuni, na meza ya mama bado inachaji.

Kwa vijana wenzetu: programu ikijifunga, punguza kazi yako mpaka ubaki na kitu kidogo kabisa kinachoiangusha. Hakikisha faili zilifika nzima kwa kulinganisha ukubwa wake na ule ulioandikwa kule zilikotoka. Andika ulichofanya, hatua kwa hatua. Hata kama hujui C, maelezo hayo peke yake ni nusu ya matengenezo.

Kwa nyinyi wa mashirika: mkituletea kompyuta, leteni na programu huria pamoja na maktaba zake zote kwenye diski, msitegemee mtandao wa hapa. Na mkipanga mafunzo, msiishie kutufundisha kubonyeza. Tufundisheni na kufungua tuone ndani.