HELA YA MPUNGA NA KIWANJA CHA GOFU: JAMAA WA MAGOLE ACHAGUA KIMOJA TU
Pale Magole, Kilosa, kuna kijana aliyewahi kubeba mikoba ya wachezaji gofu mjini Morogoro. Kazi aliacha, mchezo haukumwacha. Juzi kauza mpunga, akamwambia mkewe anataka kutoka na rafiki yake, wapite Chalinze, Tanga na Horohoro mpaka pwani ya Kenya, wakacheze.

Mke hakununa. Alisema tu: "Baba watoto, hela ya bati usiiguse. Inayobaki inatosha kiwanja kimoja."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Rafiki akakomaa na Vipingo, kaskazini mwa Mombasa, maana picha zake mitandaoni ni balaa. Njiani kuna Diani, pale Leisure Lodge, mashimo 18. Nyali nako 18. Kijana akakaa chini na kalamu: ada ya kiwanja, mbeba mikoba, kukodi fimbo, nauli, pa kulala. Akaangukia Mombasa Golf Club, kiwanja cha tangu 1911. Mashimo ni 9 tu, lakini bahari ipo hapo hapo, na upepo wake unamjua mchezaji wa kweli. Ukizunguka mara mbili, 18 zako umepata. Akapiga simu kabla, asije akakuta mashindano.

Rafiki akanuna: "Safari yote hiyo kwa mashimo 9?"

Akajibiwa: "Kiwanja cha maana ni kile ambacho ukirudi, mkeo unamtazama usoni."

Haya wadau, nani yuko sahihi hapo?