Sur, Mji wa Majahazi



Ndugu wasomaji, kila zinapokaribia siku za mapumziko wazazi wenzetu hutuuliza swali lilelile: watoto tuwapeleke wapi? Wengi huishia katika maduka makubwa ya Maskati, ambako mtoto huzunguka saa tatu katika baridi ya mashine kisha akarejea nyumbani na mfuko wa plastiki mkononi. Jibu letu sisi limekuwa ni Sur. Na hatusemi hivyo kwa sababu ya pwani yake tu, maana pwani Oman hii ni ndefu, bali kwa sababu hapana mji mwingine hapa ambao bandari yake inatuhusu sisi watu wa Mrima na Visiwani kuliko bandari hiyo.

Safari yenyewe siku hizi ni nyepesi. Zamani ilibidi kuzunguka bara, nyuma ya milima, na msafiri alifika Sur amechoka hana hamu ya kitu. Njia kuu ya pwani inayopita Qurayyat imeufanya mwendo kuwa wa kilomita 200 hivi, saa mbili au zaidi kidogo kwa anayeendesha kwa utulivu. Milima iko mkono wa kulia, bahari mkono wa kushoto. Njiani lipo shimo la maji la Bimmah, ambalo wenyeji huliita Hawiyat Najm, na yapo mabonde ya Shab na Tiwi yenye mitende na maji ya kijani. Watoto watataka kushuka kila mahali, nanyi waacheni washuke. Ila tunaomba jambo moja, nalo si la mzaha: mkiona mawingu juu ya milima, bonde msiliingie, hata kama pale mliposimama jua linawaka. Maji hushuka kutoka mbali kwa ghafla, na hayampi mtu nafasi ya kukimbia.

Kiasi cha kilomita 20 kabla ya kufika Sur, karibu na mitambo ya gesi, ipo Qalhat. Kwa macho ya haraka ni magofu tu, na jengo moja la mraba ambalo kuba lake limebomoka, linalojulikana kuwa ni kaburi la Bibi Maryam. Shirika la UNESCO liliutia mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Ulizieni kwanza kama eneo liko wazi kwa wageni, kwani mara nyingine hufungwa kwa ajili ya kazi za uhifadhi. Likiwa limefungwa, simameni kando ya njia muwasimulie watoto habari za Ibn Battuta.

Msafiri huyo, ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa na kuusifu ukarimu wa sultani wa Kilwa, aliondoka kwetu akenda Dhofar, na baadaye chombo chake kikatia nanga Sur. Kutoka hapo aliiona Qalhat mlimani, akadhani iko karibu. Akaamua kwenda kwa miguu pamoja na mwenzake Mhindi, na baharia mmoja wa kuwaongoza njia. Kumbe yule kiongozi alikuwa akizitamani nguo zao, akataka kuwapitisha katika mkono wa bahari ambao ungewazamisha. Ibn Battuta alikuwa na mkuki, akamtishia nao. Walilala njiani, yeye akakesha akilinda, na alipofika Qalhat miguu ilikuwa imevimba hata akashindwa kusimama. Amiri wa mji alimkaribisha siku sita. Katika kitabu chake anausifu msikiti uliojengwa na Bibi Maryam, ambao kuta zake zilikuwa na vigae vya kashani, na anamsifu samaki wa pale kuwa hajala mfano wake. Msikiti huo haupo tena. Wareno waliuangamiza mji mwaka 1508. Miaka mitatu kabla ya hapo walikuwa wamezishambulia Kilwa na Mombasa. Mtoto aliyesomeshwa historia kwa vipande vipande, Afrika mbali na Uarabuni mbali, hapa huona kwamba ilikuwa ni bahari moja na msiba mmoja.

Tukifika Sur yenyewe, mahali pa kwanza ni kwenye ghuba yake, ambako limewekwa jahazi Fatah al-Khair. Ni ghanja iliyoundwa hapo hapo Sur mwaka 1951, ikauzwa, ikatumikia bahari ya watu wengine, mpaka wenyeji walipochangishana fedha na kuirejesha kutoka Yemen mwaka 1993. Tazameni shetri yake iliyochongwa nakshi, halafu fikirini juu ya watu waliochanga fedha zao ili kukomboa mbao kuukuu. Karibu na hapo zimo karakana ambazo bado huunda vyombo vya mbao, ingawa kazi imepungua sana na mafundi wengi ni Wahindi. Salimuni kabla ya kuingia, na waangalieni watoto wasikanyage misumari.

Ajabu ya kazi hii ni kwamba fundi hachori ramani. Huanza kwa kulaza mkuku, kisha hupandisha mbao za ubavu, na mataruma hufuata baadaye, kinyume na Wazungu ambao hutanguliza mataruma. Kipimo ni jicho. Mbao ni za msaji kutoka Bara Hindi. Panapobaki upenyo kati ya ubao na ubao hutiwa kalafati ya pamba. Hapa ndipo mzazi aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja anapopata kazi ya kuwa mwalimu. Mkuku, omo, tezi, mlingoti, foromali, nahodha, kalafati, deheni, sifa: mtoto aliyezaliwa ughaibuni hana mahali pa kuyakuta maneno haya isipokuwa kwenye kinywa chako, na hayatamkaa kichwani mpaka aone chombo chenyewe. Sisi tumesomesha kwa miaka mingi, na tunajua kwamba neno lisilo na kitu chake hufa upesi.

Mwaka 1980 chombo kiitwacho Sohar kiliundwa papa hapa Sur, nacho hakikutiwa msumari hata mmoja, kilishonwa kwa kamba za makumbi kama mitepe ya kwetu ya zamani. Tim Severin alikisafirisha kutoka Maskati hadi Canton, na akafika mwaka 1981. Chombo hicho sasa kimewekwa Al Bustan, Maskati, na wengi wetu hukipita kwa gari bila ya kukitupia jicho.

Lakini liko jambo ambalo hatuwezi kulipita kimya. Mjukuu wetu mmoja, mbele ya Fatah al-Khair, aliuliza: “Jahazi hizi zilikuwa zikichukua nini?” Jawabu jepesi tunalijua sote. Zilishuka na kaskazi, zikaleta tende, chumvi, papa na mazulia. Zikarudi na kusi, zimebeba boriti za Rufiji na Lamu. Zilichukua pia babu zetu waliokwenda kutafuta riziki Unguja na Pemba, na mwaka 1964 baadhi ya wazee wetu walirudi Uarabuni kwa majahazi, mikono mitupu. Yote hayo ni kweli. Ila majahazi ya Sur yalichukua pia watu walionunuliwa na watu walioibwa. Hata baada ya Sayyid Barghash kulifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, baadhi ya manahodha wa Sur waliendelea na biashara hiyo, na wengine walipandisha bendera ya Ufaransa ili manowari za Waingereza zisiwapekue. Ugomvi wa bendera hizo ulifika mpaka mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo ilitoa hukumu yake mwaka 1905 na kuibana ruhusa hiyo.

Wako wazazi wanaoona kwamba kumwambia mtoto habari hizi ni kumtia aibu au kumtia chuki. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Katika baraza zetu hapa wamo wajukuu wa waliosafiri juu ya sitaha na wajukuu wa waliosafirishwa chini yake, na mara nyingi ni mtu mmoja mwenye babu wa upande huu na bibi wa upande ule. Tukimsimulia nusu ya habari, huyo tutakuwa tumemnyima nusu ya nasaba yake. Tulimjibu mjukuu wetu kwa maneno machache yanayolingana na umri wake. Alinyamaza, kisha akauliza walikuwa wakilala wapi. Tukamwonyesha.

Baada ya Alasiri nendeni Al Ayjah, upande wa pili wa khori, kwa daraja la kuning’inia. Nyumba ni nyeupe, milango ni ya nakshi, na juu ya mwamba kuna minara ya ulinzi, na mnara wa taa uko ukingoni mwa maji. Kutoka hapo utaona majahazi yamekaa juu ya mchanga maji yanapokupwa, utadhani uko Shela. Ngome ya Sunaysilah, juu ya kilima, ni nzuri kwa wenye magoti mazima. Sisi tuliitazama kutoka chini.

Usiku ni wa kasa. Kiasi cha kilomita 40 na kitu kutoka mjini, mbele ya Ras al Hadd, iko hifadhi ya Ras al Jinz, iliyoanzishwa mwaka 1996. Kasa wa kijani hupanda pwani mwaka mzima, na zaidi miezi ya joto. Jike mmoja hufikia zaidi ya kilo 100. Huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai kiasi cha mia, huyafukia na kurudi baharini. Ni kasa wa jamii ileile inayotaga Watamu na Mafia. Wageni huingia kwa makundi pamoja na kiongozi, usiku au kabla ya alfajiri, na nafasi hujaa, kwa hiyo wekeni mapema. Simu zizimwe na taa zisiwashwe, kwani mwanga humrudisha kasa baharini kabla hajataga. Watoto wadogo wanaolia waachwe hotelini na bibi yao.

Ukichagua zamu ya alfajiri, sali kwanza, kisha baki ufukweni. Hapo ndipo ncha ya mashariki kabisa ya Bara Arabu, na jua huanza hapo kabla ya kufika kwenu Maskati. Chukueni chai ya rangi katika chupa, na mandazi yaliyokaangwa jana yake; mikahawa ya huko haifunguliwi mapema.